Darubini Uani: Istilahi za Mtazamaji wa Nyota na Mgogoro wa Majina ya Sayari

Mtu anunuaye darubini kwa mara ya kwanza hukabiliwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ni kuiunganisha, kuisimamisha uani na kuielekeza angani. Kazi ya pili, ambayo haitajwi kabisa katika kijitabu kilichomo ndani ya sanduku, ni kupata maneno ya kukitaja kila kipande akishikacho na kila kitu akionacho. Makala haya yanakusudia kumsaidia msomaji katika kazi zote mbili, kwa kuwa hazitengani: asiyejua jina la kipande hawezi kumwambia mwenzake akikaze au akilegeze, na asiyejua jina la sayari hawezi kuandika katika daftari lake kwamba ameiona. Mifano yetu mingi tumeichukua Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, mji uliopo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Anga la huko wakati wa kiangazi ni safi, na mtazamaji wake ana mambo ya kuzingatia ambayo hayafanani na ya yule wa Ulaya ambaye vijitabu hivyo viliandikwa kwa ajili yake.

Tuanze na jina la fani yenyewe. Neno lililozoeleka kwa watu wengi ni unajimu, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyota. Zamani neno hili lilibeba maana mbili bila ya taabu, maana yule aliyejua mahali pa nyota ndiye pia aliyeulizwa siku njema ya kufunga safari au ya kuoa. Siku hizi maana ya pili imeimeza ile ya kwanza. Ukimwambia jirani yako wa Lizaboni au Bombambili kwamba wewe ni mnajimu, hatakuomba umwonyeshe miezi ya Mshtarii. Atakuuliza biashara yake itakuwaje na ni nani anayemroga. Falaki ni neno lenye heshima zaidi, nalo limetumika kwa muda mrefu kwa elimu ya mwendo wa Jua na Mwezi, hasa kwa ajili ya kalenda na nyakati za sala. Astronomia ni neno la kimataifa, na tayari limeingia katika maandishi ya Kiswahili. Kwa maoni yetu, astronomia litumike shuleni na vyuoni, falaki liwe kisawe chake, na unajimu waachiwe wapiga ramli. Halina tena njia ya kurudi.

Darubini, kwa upande wake, ni neno lisilo na mgogoro. Limetoka katika Kiajemi, ambako sehemu yake ya kwanza ina maana ya mbali na ya pili ina maana ya kuona. Nalo lilifika pwani yetu kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, kama lilivyofika pia katika lugha za Bara Hindi. Nahodha wa jahazi aliijua darubini kabla ya mwalimu wa fizikia kuijua. Ndugu yake hadubini, ya kutazamia vijidudu, imefinyangwa kwa kuifuatisha, na jozi hii ya maneno ni mfano mzuri wa jinsi istilahi moja iliyokwisha kukita mizizi inavyoweza kuzaa nyingine bila ya kamati kukesha.

Shida huanza pale tunapotaka kuzitofautisha darubini zenyewe. Zipo za aina kuu mbili. Ya kwanza hukusanya mwanga kwa lenzi iliyopo mbele ya bomba, nayo ndiyo ya kale zaidi: mwaka 1608 mtengenezaji miwani Hans Lippershey aliomba hataza yake huko Uholanzi, na mwaka uliofuata Galileo Galilei akajitengenezea ya kwake nchini Italia na kuielekeza angani. Ya pili hukusanya mwanga kwa kioo kilichobonyea kilichopo nyuma ya bomba. Isaac Newton aliitengeneza ya kwanza iliyofanya kazi mnamo mwaka 1668. Wapo waandishi waitao aina hii ya pili darubini akisi, kwa kuwa kioo huakisi mwanga. Istilahi hiyo ni sahihi, na katika kitabu cha fizikia hatuna ugomvi nayo. Lakini kwa mtu anayekwenda dukani, darubini ya lenzi na darubini ya kioo ni majina yanayojieleza yenyewe, na mtoto wa darasa la tano akiyasikia mara moja hayasahau. Tusione haya kuwa na istilahi ya kitabuni na jina la matumizi vikiishi pamoja, mradi vyote viwili vielekee kwenye kitu kile kile.

Lenzi ya mbele, au kioo cha nyuma, ndiyo roho ya darubini. Twaweza kuviita lenzi kuu na kioo kikuu. Kipimo cha kwanza ambacho mnunuzi anapaswa kukiuliza ni kipenyo cha lenzi kuu au kioo kikuu, wala si urefu wa bomba na wala si idadi ya mara ambazo darubini hukuza. Mboni ya jicho la binadamu, ikiwa imetanuka gizani, huwa na upana wa kama milimita 7. Lenzi kuu ya milimita 70 ina kipenyo mara 10 zaidi, na kwa sababu mwanga hukusanywa na eneo lote la lenzi, hukusanya mwanga mara 100 zaidi ya jicho. Kioo kikuu cha milimita 114, ambacho ni kipimo cha kawaida katika darubini za wanaoanza, hukusanya mara 265 hivi. Huko ndiko kuona mbali. Nyota hata zikikuzwa vipi hubaki kuwa nukta, kwa kuwa zipo mbali mno. Kinachobadilika ni kwamba nukta iliyokuwa imefichika sasa yaonekana.

Kipande kidogo unachokiwekea jicho bado hakina jina lililokubaliwa. Nimekuta kikiitwa lenzi ya jicho, na hili ni jina la kuepukwa, kwa sababu katika biolojia lenzi ya jicho ni kile kiungo kilichomo ndani ya jicho lenyewe, kile ambacho mtoto wa jicho hukifunika kwa ukungu. Mwanafunzi yule yule atasoma biolojia saa nne na fizikia saa tano. Tusimpe neno moja kwa vitu viwili. Napendekeza kichungulio, kutokana na kitenzi chungulia. Ngeli yake ni nyepesi, wingi wake ni vichungulio, na kitendo kinachotajwa ndicho hasa kinachofanywa. Kwa njia hiyo hiyo darubini ndogo iliyobandikwa ubavuni, ambayo hutumika kutafutia kitu kabla ya kukitazama kwa darubini kubwa, yafaa kuitwa kitafutio.

Darubini huuzwa na vichungulio viwili au vitatu, kila kimoja kikiwa kimeandikwa namba. Namba hiyo ni urefu wa fokasi kwa milimita, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale mionzi inapokutana. Ukitaka kujua ukuzaji, gawanya urefu wa fokasi wa kioo kikuu kwa ule wa kichungulio. Darubini yenye fokasi ya milimita 900, ikitiwa kichungulio cha 25, hukuza mara 36. Ikitiwa cha 10, hukuza mara 90. Kanuni ya wazoefu ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya kipenyo kilichopimwa kwa milimita. Kwa hiyo lenzi kuu ya milimita 70 haifai kupita mara 140 hivi, na hata hapo anga liwe limetulia sana. Sanduku likiandikwa kwa herufi kubwa kwamba darubini ndogo ndani yake hukuza mara 500, msomaji ajue kwamba anauziwa ukungu. Anayeanza na awe na mazoea ya kutia kwanza kichungulio chenye namba kubwa, ambacho hukuza kidogo na kuonyesha eneo pana la anga, kisha abadilishe baada ya kukipata kitu chake.

Sasa twende kwenye miguu. Bomba la darubini lazima likae juu ya kitu, na kitu hicho twakiita kitegemeo. Wengi wanaokata tamaa hawakushindwa na lenzi bali na kitegemeo, maana miguu myembamba ya bati hutikisika kila upepo wa Matogoro unapovuma, na sayari ikikuzwa mara 90 mtikisiko nao hukuzwa mara 90. Kipo kitegemeo cha mlalo na wima, ambacho huzungusha bomba kushoto na kulia, juu na chini, kama shingo ya mtu. Kipo pia kitegemeo cha ikweta, ambacho mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga, ili darubini ifuate mwendo wa nyota kwa kuzungushwa upande mmoja tu. Hiki cha pili ndicho kinachosifiwa katika vijitabu vya kigeni, na maelekezo yake huwa yale yale: elekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini.

Songea ipo kwenye latitudo ya digrii 10 na dakika 41 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini, ambayo mabaharia wa zamani waliiita jaha, kwetu ipo chini ya upeo usiku na mchana, mwaka mzima. Ncha ya anga inayoonekana kwetu ni ile ya kusini, nayo ipo digrii 10 na ushei tu juu ya upeo, pembeni mwa vilima na paa za nyumba, mahali pasipo na nyota angavu ya kuashiria. Mtazamaji wa Songea anayefuata kijitabu neno kwa neno atatafuta usiku kucha kitu kisichokuwako. Ushauri wetu ni kuchukua kitegemeo cha mlalo na wima, hasa kile cha sanduku la mbao kilichoenezwa huko California na John Dobson, ambaye alikuwa mtawa na ambaye aliwafundisha watu wa kawaida kujitengenezea darubini za kioo kwa vifaa rahisi. Seremala yeyote wa Majengo anaweza kukitengeneza kwa mbao za msindano akionyeshwa mchoro.

Kuhusu majira, mvua za Ruvuma huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo mtazamaji huiba saa moja hapa na saa moja pale kati ya mawingu. Kuanzia Mei anga hufunguka. Juni na Julai ni miezi ya baridi kali kwa kiwango cha nchi yetu, na darubini ya kioo ikitolewa ndani kwenye joto na kutumika papo hapo itaonyesha nyota zinazochezacheza kama zimo majini. Itolewe nje nusu saa kabla, ipoe. Agosti hadi Oktoba moshi wa moto wa nyika huweka utando upande wa upeo, lakini utosini mwa anga huwa pasafi. Jambo moja limebadilika katika miaka ya karibuni. Mwaka 2018 mji uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme itokayo Makambako, na taa za barabarani na za maduka zimeongezeka. Hatuwezi kuulaumu umeme. Lakini tunahitaji neno la kuitaja nuru hiyo ipaayo bure na kufifiza nyota, na uchafuzi wa mwanga, kwa kufuata uchafuzi wa hewa na wa maji, linatosha kabisa. Mwendo wa dakika chache nje ya mji, njia ya Mbinga au ya Tunduru, hurudisha giza la kutosha.

Kitu cha kwanza cha kutazamwa ni Mwezi, nao usitazamwe ukiwa mpevu. Wakati huo Jua huumulika uso wake kwa mbele na vivuli vyote hupotea, kama ukuta uliomulikwa na taa ya gari. Utazamwe siku ya sita hadi ya tisa baada ya kuandama, na jicho lifuate ukingo wa giza, pale ambapo kwenye Mwezi kunapambazuka. Hapo milima hutoa vivuli virefu, na yale mashimo ya duara, ambayo vitabu huyaita kasoko, hujaa giza kama visima. Neno kasoko latukumbusha milima ya volkeno, na wapo waliodai lisitumike kwa Mwezi, kwa kuwa mashimo ya huko yametokana na kugongwa na vimondo. Hoja hiyo ina ukweli lakini haina uzito. Kasoko hutaja umbo. Chanzo chake na kielezwe katika sentensi ifuatayo.

Mwishoni mwa Mei, saa mbili usiku, geukia kusini. Nyota nne za Salibu husimama wima, kiasi cha digrii 40 juu ya upeo, na kushoto yake zipo nyota mbili angavu. Ile iliyo mbali zaidi na Salibu ni Rijili Kantori, jina tulilolipata kwa Kiarabu, yaani mguu wa Kantori. Kwa macho ni nyota moja. Kwa darubini ya milimita 70 hugawanyika kuwa mbili zenye rangi ya manjano, moja hafifu kidogo kuliko nyingine, na mtazamaji ajue kwamba anatazama majirani wa karibu kabisa wa Jua letu, umbali wa miakanuru 4 na sehemu. Juu kidogo ya hapo, ukilitumia kitafutio kwa subira, utapata doa la ukungu liitwalo Omega Kantori. Katika darubini ya milimita 114 doa hilo huanza kuonekana kama sukari iliyomwagwa juu ya kitambaa cheusi. Ni mamilioni ya nyota zilizoshikamana kwa mvutano wao wenyewe.

Hapa istilahi zatakiwa kuwa makini. Salibu ni kundinyota: nyota zake hazikushikamana katika fungu moja, ila sisi tuliopo Duniani twaziona zimekaa pamoja. Omega Kantori ni fungunyota: nyota zake zipo pamoja kwa kweli. Waandishi wengi huyachanganya maneno haya mawili, na kosa hilo si la kisarufi bali la kielimu, kwani linafuta tofauti ambayo wanaastronomia walichukua karne nyingi kuitambua. Fungunyota lijulikanalo zaidi kwa Waswahili, na kwa wakulima wa Kibantu hadi Afrika Kusini, ni Kilimia. Jina lake limetokana na kulima, na Wazulu na Waxhosa wana neno la shina hilo hilo. Katikati ya Novemba Kilimia huchomoza mashariki mwa Songea mara giza linapoingia, ndiyo majira ya kupanda mahindi. Macho makali huhesabu nyota sita au saba; darubini yenye ukuzaji mdogo huonyesha nyingi kiasi cha kulijaza eneo lote la kichungulio.

Kabla ya kufika kwenye sayari, neno moja juu ya Jua. Usilitazame kwa darubini, wala kwa kitafutio, wala kwa nukta moja ya muda, isipokuwa pana kichujio maalumu cha Jua kilichofunika mbele yote ya bomba. Vile vichujio vidogo vya kuskurubu kwenye kichungulio vitupwe, kwa sababu hupasuka kwa joto na jicho hupofuka kabla mtu hajahisi maumivu. Tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipatwa, na Mwezi ukiwa mbali kidogo na Dunia haukuweza kulifunika lote, hivyo pete ya moto ikabaki kuuzunguka. Njia ya pete hiyo ilipita kusini mwa nchi yetu, na watu wengi walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kuitazama. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amewaandikia wananchi juu ya mambo ya anga, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwaeleza watu tukio hilo na namna ya kulitazama kwa usalama. Songea ilikuwa nje kidogo ya njia ya pete, lakini sehemu kubwa sana ya Jua ilifunikwa. Magazeti yaliandika tu kupatwa kwa Jua. Ni vema tuseme kupatwa kwa pete, tukitofautisha na kupatwa kikamilifu na kupatwa kwa sehemu.

Sasa tufikie sayari, na ndipo penye kiini cha makala haya. Mwalimu mmoja wa sekondari mjini Songea, aliyekuwa na darubini ya kioo, alikusanya vijana wake uani siku moja ya Agosti akawaonyesha sayari yenye pete. Kila mmoja aliyechungulia alishangaa, maana pete huonekana waziwazi hata kwa ukuzaji wa mara 36. Kisha msichana mmoja akauliza: "Samahani Mwalimu, hii ni Sarateni au ni Zohali?" Alikuwa ameona katika kitabu cha shule ya msingi kwamba yenye pete ni Sarateni, na babu yake, aliyesoma chuoni, alimwambia kwamba ni Zohali. Mwalimu hakuwa na jibu. Aliandika namba ubaoni siku iliyofuata: sayari ya sita. Tumefika mahali ambapo mwalimu wa Kiswahili na sayansi anakimbilia namba kwa sababu maneno yamemtupa.

Mgogoro huu una historia inayoelezeka. Wanafalaki wa Kiarabu, kama Wayunani kabla yao, walizijua sayari tano ambazo huonekana kwa macho, na majina yake tulirithi pwani yetu: Utaridi iliyo karibu zaidi na Jua, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, na Zohali iliyo mbali kuliko zote. Orodha iliishia hapo kwa sababu macho yaliishia hapo. Tarehe 13 Machi 1781 William Herschel, mwanamuziki aliyetazama nyota kama burudani, akiwa katika bustani ya nyumba yake mjini Bath, Uingereza, na darubini ya kioo aliyoitengeneza mwenyewe, aliona nukta iliyokuwa na upana. Ilikuwa sayari ya saba, Uranusi. Mwaka 1846 ikapatikana ya nane, Neptuni, na mwaka 1930 Pluto.

Waandishi wa baadhi ya vitabu vyetu vya shule walihitaji majina tisa, na mkononi walikuwa na matano. Wakayatafuta mengine katika ghala ile ile ya Kiarabu, lakini walichokikuta humo hayakuwa majina ya sayari. Sarateni ni kundinyota la Kaa. Ni neno lile lile lililotupatia jina la ugonjwa wa saratani. Kausi ni Upinde, kundinyota la Mshale. Sumbula, ambalo wengine wamelipa Mshtarii, ni Suke, kundinyota la Mashuke. Sarateni ikakalishwa penye Zohali, Zohali ikasukumwa nje hadi penye Uranusi, Kausi ikawa Neptuni, na Utaridi, sayari ya kwanza, ikatupwa mwisho kabisa kuwa Pluto. Nafasi iliyobaki wazi karibu na Jua ikajazwa na zebaki, ambayo ni metali ya kwenye kipimajoto, kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja kwa sayari na kwa metali.

Anayetetea orodha hii husema kwamba imeshazoeleka, na kwamba lugha ni mazoea. Hoja ya mazoea sisi tushughulikao na istilahi huiheshimu kuliko nyingine yoyote, ila hapa haisimami. Kwanza, yapo mazoea mawili yanayopingana, na lile la majina matano ni la kale na bado li hai. Pili, jina Zohali haliwezi kuwa la Uranusi kwa namna yoyote, kwani wale waliolitunga hawakuwahi kuijua Uranusi. Tatu, na hili ndilo linalomgusa mwenye darubini, Kausi na Sarateni bado zinahitajika mahali pake. Kila mwaka Zohali hupita taratibu mbele ya makundinyota ya njia ya Jua, na hufika siku ikawa ndani ya Saratani. Kwa orodha ya vitabu vile mtazamaji angeandika katika daftari lake kwamba Sarateni imo ndani ya Sarateni.

Pendekezo letu, basi, ni kwamba majina matano yarudi kwa wenyewe, na sayari zilizogunduliwa kwa darubini ziitwe kwa majina ya kimataifa yaliyovishwa vazi la Kiswahili: Uranusi na Neptuni. Pluto ibaki Pluto. Tangu Agosti 2006, kwa uamuzi wa Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, haihesabiwi tena miongoni mwa sayari kuu bali ni sayari kibete, kwa hiyo kazi ya kuisahihisha katika vitabu ni lazima ifanyike kwa vyovyote, na majina mengine yangeweza kusahihishwa katika chapa hiyo hiyo.

Zohali yenyewe imsubiri mtazamaji. Galileo aliitazama mwaka 1610 akadhani ina masikio mawili. Ni Christiaan Huygens aliyetambua katika miaka ya 1650 kwamba ni pete, naye ndiye aliyeuona mwezi wake mkubwa, Titani, mwaka 1655. Mwenye milimita 114 uani ana chombo bora kuliko cha Galileo. Mwaka 2025 pete zilikuwa zimetuelekezea ukingo wake zikawa kama uzi, nazo hufanya hivyo kila baada ya miaka 13 hadi 16. Katika miaka inayofuata hufunguka kidogo kidogo. Mshtarii ni rahisi zaidi: miezi yake minne mikubwa, Io, Europa, Ganimede na Kalisto, hupangwa katika mstari, na Io hubadili mahali pake waziwazi katika muda wa saa chache. Uranusi yafikiwa kwa kitafutio na ramani ya nyota, nayo ni kiduara kidogo cha rangi ya kijani kibichi. Na Utaridi, iliyorudishwa kwake, haiendi mbali na Jua zaidi ya digrii 28. Itafutwe chini magharibi katika nusu saa baada ya giza kuanza, Jua likiwa limekwisha kutua kabisa, kutoka mahali pasipo na miti upande wa Peramiho.